Begi limejaa, mpango uko wapi?

SWALI: Shikamoo sista. Nina mimba ya wiki 34, ya pili, ya kwanza nilijifungua kwa operesheni miaka miwili iliyopita. Begi liko tayari, nimenunua kila kitu mpaka kibana kitovu. Mume wangu dereva wa malori, anaweza asiwepo siku hiyo. Mama mkwe kasema ataniletea dawa ya kuongeza uchungu ili safari hii nisipasuliwe. Kuna kitu nimesahau kwenye mpango wangu wa kujifungua?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Begi tuliache, kila mama anayeingia wodini kwetu ana begi zuri, khanga zimepigwa pasi, ila ukimuuliza nani atakuchangia damu anabaki anakutolea macho. We una kovu, kwahiyo unajifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu, sio zahanati, hata kama nesi wa pale ni shoga yako. Tafuta watu wawili wa kuchangia damu, ongea nao sasa hivi sio siku ya tukio. Usafiri wa usiku ujulikane, na namba 115 ya m-mama, ule usafiri wa dharura wa wajawazito, ni bure, iandike ukutani. Fomu ya operesheni unasaini mwenyewe, we mtu mzima, sio mpaka mume apate netiweki huko Tunduma. Uchungu ukianza tu toka nyumbani, usikae unausikilizia kama wengine.

Haya, sasa hiyo dawa, maana hapo ndo huwa nachoka kabisa. Watu wanasema "mbona hata hospitali wanaongeza uchungu kwa dripu, si ni kitu kilekile?" Sio kitu kilekile! Dripu nahesabu matone, nakaa na wewe, nasikiliza mapigo ya mtoto, nikiona haeleweki naifunga palepale na baada ya muda mfupi tumbo linaanza kutulia. Na mwenye kovu kama wewe hata hiyo dripu hatuiweki hivihivi, mpaka daktari mwenyewe aamue. Sasa ya kwenye kikombe nitaifunga wapi? Imeshaingia tumboni, hakuna anayejua ina nguvu kiasi gani, hata aliyeichemsha hajui.

Na wala hamsemi. Mi nagundua kwa mkono. Uchungu ukikolea vizuri tumbo linakaza mara tatu mpaka tano ndani ya dakika 10, na katikati tumbo linalegea mtoto apate hewa. Nikiweka mkono nikahesabu saba, tumbo gumu kama meza halilegei, nasikiliza mtoto aliyekuwa na mapigo 140 yameshuka mpaka 80 kwa dakika, nainua mto nakuta kichupa cha soda kina maji ya kahawia kimeviringishwa kwenye khanga. Hapo bibi yuko nje anasema "hajanywa kitu nesi, uji tu". Tumbo likikaza hivyo damu haifiki kwenye kondo, mtoto anakosa hewa, na kwa mwenye kovu lile kovu linaweza kuachia. Likiachia saa nyingine uchungu unakata ghafla, mama anapumua anasema afadhali nimepata nafuu, kumbe anavuja damu ndani kwa ndani. Yani mtu amekunywa ili asipasuliwe anaishia kupasuliwa usiku wa manane, na saa nyingine kizazi kinatolewa.

Siku hizi hata sio bibi peke yake, wapo hao wa kwenye status za WhatsApp wanauza chai ya kulainisha njia, wanakuletea mpaka mlangoni na bodaboda, wanakuahidi hutopasuliwa, hajakupima njia, kadi yako ya kliniki hajaiona, hajui hata kama mtoto amekaa vibaya. Ukianza kuvuja damu unampigia simu haipatikani, ameshakublock. Na kama umeshakunywa, we au yeyote anayesoma hapa, tuambie ukifika mlangoni tu, tutagomba baadae.

Mama mkwe usigombane naye, anakupenda. Mpe kazi: akae na huyo mtoto wako mkubwa, ashike simu yenye namba ya dereva, na kama afya inaruhusu awe mmoja wa hao wawili wa damu.