Yoga na Matembezi: Nianze na Kipi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 41 na kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa. Asubuhi hufanya yoga chumbani nikifuata video, jioni hutembea penye miti huku nikisikiliza muziki. Yote nayafanya mbiombio, nikimaliza akili bado inazunguka. Isitoshe, nikiinama, nyuma ya mapaja hunivuta sana. Nataka kuviunganisha. Nianze na kipi?

JIBU: Marahaba. Anza na matembezi, tena kwa ajili ya hayo mapaja yako. Misuli iliyolala usiku kucha huamka imekaza, na ukiinama papo hapo inakubishia. Tembea dakika 15 au 20 kwanza, mwili upate joto. Utaona mkao uleule unaokutesa chumbani umekuwa mwepesi.

Muziki uache nyumbani, na video pia. Najua hili ni gumu, lakini ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, maana kinachounganisha yoga na matembezi ni pumzi, na pumzi yako huwezi kuifuata ukiwa na sauti ya mtu masikioni. Vuta pumzi kwa hatua tatu, itoe kwa hatua nne au tano. Kuitoa taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, hutuliza mapigo ya moyo. Ukifika kwenye mlima acha kuhesabu, pumua mwili unavyotaka.

Ukishapata joto, tafuta mahali pakavu pasipo mawe. Mimi mkeka siubebi. Mikao ya kusimama inatosha. Simama wima kidogo, usikie uzito umekaa wapi kwenye nyayo, kisha ingia mkao wa mti, yaani kusimama kwa mguu mmoja. Unyayo wa mguu ulioinua uweke kwenye shavu la mguu uliosimamia au pajani, kamwe usiukandamize gotini. Ardhi isiyo sawa hufanyisha vifundo vya miguu kazi kubwa kuliko sakafu, kwa hiyo kaza macho kwenye shina la mti. Ukitazama majani yanayopepea utayumba nayo. Patanjali, mwalimu wa kale wa India, katika kitabu cha Yoga Sutra, anataka mkao uwe thabiti na wa starehe. Ukitetemeka, shusha mguu, hujashindwa kitu.

Kwa mapaja, weka kisigino juu ya gogo fupi, kunja goti kidogo, mgongo ubaki umenyooka, halafu inamia kutoka nyongani. Kaa hapo pumzi tano, badili mguu. Halafu piga hatua ndefu mbele na ushushe nyonga, kwa sababu kukaa kitini hukaza sana upande ule wa mbele.

Si lazima iwe kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu karibu 20,000 nchini Uingereza, ulionyesha kuwa waliokaa penye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema, iwe walizitumia kwa mkupuo au kidogo kidogo. Haukuthibitisha kuwa miti ndiyo iliyowaponya, ila kwangu unatosha kukuondolea hiyo haraka yako. Matembezi mawili ya saa moja, yoga ikiwa katikati, yanakufikisha hapo.

Jambo moja usilipuuze: mvuto huo ukishuka kutoka takoni hadi unyayoni, au mguu ukifa ganzi, acha kuinama na umwone daktari kwanza.