Tuzo za macho: wanawake 5 kati ya 25 ni wachache?

*Wahariri, shikamooni. Chama chetu cha wahudumu wa macho kimeshatoa tuzo 25 za utumishi. Wanaume 20, wanawake 5. Wenzetu wanasema ndivyo tulivyo wachache kazini. Sisi tunasema tunarukwa. Nani mkweli?*
— Muuguzi wa macho, Makorora, Tanga

Marahaba. Hesabu hiyo peke yake haimtii mtu hatiani. Tano kati ya 25 ni asilimia 20, lakini kati ya watu gani? Kama sharti ni miaka 15 kazini, msiwalinganishe washindi na wahudumu wote wa leo, maana humo wamo mabinti waliomaliza chuo juzi. Chukueni waliokuwa wamefikisha miaka 15 kila mwaka tuzo ilipotolewa. Tuseme wanawake walikuwa asilimia 30 yao: mngetarajia washindi 7 au 8. Kupata 5 au pungufu kwa bahati tupu hutokea karibu mara moja katika kila mara tano, kwa hiyo hapo hamna ushahidi. Ingekuwa 20 kati ya 100, bahati ingefanya hivyo chini ya mara 2 katika mara 100. Hapo mngekuwa na hoja.

Mnapohesabu, tenganisheni tuzo na watu. Bwana mmoja akizoa tuzo nne, hao si wanaume wanne. Wala msikisie jinsia kwa jina. Riziki au Zawadi wa Pangani anaweza kuwa kaka au dada. Pigeni simu.

Kisha tafuteni panapovuja. Andikeni namba tatu kwa kila mwaka: waliostahili, waliopendekezwa, walioshinda. Wanawake wakiwa asilimia 30 ya waliostahili lakini 12 tu ya waliopendekezwa, kamati haina kosa, majina hayaifikii. Mara nyingi ndipo tatizo lilipo, kwa kuwa wakubwa hupendekeza wanaokaa nao vikaoni, na muuguzi wa Lushoto au Handeni hayumo. Dawa yake: fomu ifike kila wilaya miezi miwili kabla, na mtu aruhusiwe kujipendekeza mwenyewe. (Wengi wataona haya. Basi mwenzake amjazie.)

Wakiwa asilimia 30 ya waliopendekezwa lakini 10 tu ya walioshinda, igeukieni kamati. Kila mjumbe aweke alama peke yake, kwa maandishi, kabla ya kikao; mkubwa akishamsifu mtu wake mezani, kalamu za wengine humfuata. Anayemsimamia mpendekezwa kazini atoke nje jina hilo likijadiliwa.

Kipengele kinachodanganya zaidi ni idadi ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Asiyepangiwa siku za theta atapasua wachache hata akiwa fundi kuliko wote, na anayepanga ratiba ndiye amemnyima alama. Pimeni matokeo. Kigezo cha siku nyingi cha Shirika la Afya Duniani kinataka angalau macho 80 katika kila 100 yaliyopasuliwa yaone 6/18 au zaidi (yaani kwa mita 6 lisome kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 18), na yanayobaki chini ya 6/60 yasifike 5. Daftari la kliniki litawaonyesha, ilimradi wagonjwa walirudi kupimwa.

*Je, wapo wanawake waliopata tuzo kubwa za macho duniani?*
— Mwanafunzi, Chumbageni

Wapo, ila wahesabike. Tuzo ya Champalimaud ya Ureno mwaka 2014 iligawanywa kwa watu 7 waliofungua njia ya dawa za kuzuia mishipa mibaya nyuma ya jicho. Wanawake walikuwa 2, Joan Miller na Patricia D'Amore. Patricia Bath wa Marekani, aliyepata hataza (haki ya mvumbuzi) ya kuondoa mtoto wa jicho kwa leza mwaka 1988, aliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi ya nchi yake mwaka 2022, miaka 3 baada ya kufariki. Champalimaud ya 2018, ya tiba ya jeni, ilikuwa tena na watu 7, mwanamke mmoja: Jean Bennett. Hapo ndipo penye mtego wa majina. Ufaransa, Jean ni mwanaume.