Karatasi moja moja: kwa anayeanza kazi ya fotokopi

Kuokota karatasi moja tu kutoka kwenye rundo la mia tano ndiyo kazi inayoishinda mashine ya fotokopi mara nyingi. Kama umeajiriwa kwenye steshenari ya Malimbe au Nyegezi, jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, ambako wanafunzi hupanga foleni wakitaka handauti sasa hivi, anza kuielewa sehemu hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Vuta trei uchungulie karatasi inapoingilia. Mashine nyingi kubwa zina rola tatu za raba hapo. Ya kwanza hushukia rundo na kuvuta, ya pili hupeleka mbele. Ya tatu imebanana na ya pili kwa chini, na ndiyo yenye ujanja: mota huizungusha kinyumenyume, ila imefungwa klachi ndogo inayoteleza nguvu ikizidi kiasi. Ikiingia karatasi moja, raba ya juu huing'ata sawasawa, klachi huteleza, na rola ya chini hufuata mwendo. Zikiingia mbili, zenyewe kwa zenyewe hazishikani kama zinavyoshikwa na raba. Klachi haitelezi tena. Rola ya chini hurudi nyuma na kuisukuma ya pili ndani ya trei. Mashine ndogo huwa na kipande cha raba tu badala ya rola hiyo.

Basi isipovuta kabisa, shuku rola ya kwanza. Ikivuta mbili mbili, itazame ya tatu. Pangusa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa maji na kukamuliwa, huku ukiizungusha kwa kidole mpaka mng'ao uishe. Petroli na thina weka mbali, zinaharibu raba. Iking'aa tena baada ya siku chache, nunua mpya, na badilisha zote tatu pamoja.

Karatasi nazo zina lawama zake. Rimu ya A4 ya gramu 80 huwa na kilo 2.5 hivi, mzani ukisoma 2.2, umeuziwa ya gramu 70. Masika, unyevu wa ziwa huingia kwenye rimu iliyoachwa wazi: karatasi hugandana, hujikunja zikipita kwenye joto, na maandishi hutoka na mabaka hafifu. Funga rimu kwenye ganda lake, iweke juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Kabla ya kupakia, ipepete kingo zote, usivuke mstari wa kikomo, na sogeza vishikizo vya pembeni viguse bila kubana. Vikilegea, kopi hutoka upande.

Ikikwama, vuta kwa mikono miwili kuelekea inakokwenda, polepole. Ikichanika, unganisha vipande juu ya meza. Kona ikikosekana imo ndani, na itaikwamisha ya pili na ya tatu. Iliyojikunja mikunjo mikunjo imegonga kitu mbele, mara nyingi kwenye fyuza, yaani rola za joto zinazogandisha wino kwenye karatasi, au mlangoni pa kutokea. Fyuza hufika karibu nyuzi 200, kwa hiyo ngoja ipoe. Xerox 914 ya mwaka 1959, iliyopewa jina hilo kwa kupokea karatasi hadi inchi 9 kwa 14, iliambatana na kizima moto kidogo, maana karatasi ikikwama penye joto iliweza kuwaka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, toa karatasi zote zilizobaki njiani kabla ya kuwasha tena.

Mwisho, trei ya juu inayojivutia karatasi za mteja za kunakiliwa. Toa pini zote kwanza. Na ukiona mstari mweusi mwembamba kutoka juu hadi chini ya kila kopi, weka ukurasa uleule juu ya kioo kikubwa utoe kopi. Mstari ukipotea, dramu, silinda inayochora picha ya kopi, ni nzima: kuna doa la wino wa kufutia, au mdudu wa ziwani aliyefuata taa, kwenye kile kioo chembamba cha pembeni, ambacho karatasi za trei ya juu husomwa zikipita.