WRX ya turbo kutoka Japani: kabla ya filta ya wazi na ekzosi kubwa

Mkuu, umesema una Impreza WRX ya 2004 iliyotengenezwa kwa soko la Japani, injini EJ205, bado iko kama ilivyotoka kiwandani. Unataka kufunga filta ya wazi, ekzosi nzima kuanzia kwenye turbo, valvu ya kupumulia hewa nje (ile inayopiga "psshh") na springi za kushusha gari, na unauliza uanze na kipi. Mimi ningeanza na vitu viwili ambavyo havipo kwenye orodha yako: hali ya injini yenyewe, na kompyuta inayoiongoza. Nimefungua na kufunga Subaru za turbo kwa miaka mingi. Injini nyingi nilizozikuta zimekufa zilikuwa zimefungwa kifaa kipya, halafu kompyuta ikaachwa na hesabu zake za zamani.

Kumbuka gari lako lilipangiwa mafuta gani. Petroli ya daraja la juu Japani, kwa kiwango chao cha JIS, haitakiwi kushuka chini ya oktani 96 (kipimo cha mafuta kustahimili kujilipua yenyewe), na inayouzwa vituoni kwa kawaida ni 100. Muda wa plagi kuwaka na presha ya turbo vyote vilipangwa kwa mafuta hayo. Ukiliwekea 95 au chini ya hapo, mchanganyiko unaweza kujilipua wenyewe kwa joto na presha, na moto wa plagi haujamaliza kazi yake. Hiyo ndiyo noki. Gari lina sensa ya kuisikia na kompyuta hurudisha muda nyuma, kwa hiyo ukiendesha kwa utulivu hutaona kitu. Kanyaga mpaka mwisho kwenye gia ya nne, mlima mrefu, siku ya joto: hapo sensa inakuwa inafukuza tatizo ambalo limeshatokea. Kwa maneno mengine, hata kabla hujafunga chochote, huenda gari lako tayari linatembea ukingoni. Kila unachoongeza kinalisogeza mbele.

Sasa tuje kwenye filta. Kompyuta ya WRX yako inajua hewa iliyoingia kupitia sensa ndogo iliyokaa kwenye njia ya hewa baada ya filta. Sensa hiyo inapima kipande kidogo tu cha hewa inayopita, halafu kompyuta inapata jumla kwa hesabu iliyojengwa juu ya kipenyo cha bomba lile lile la kiwandani. Ukibadilisha bomba likawa pana zaidi, hewa nyingi inapita, sensa inaripoti kidogo, nozeli zinatoa mafuta pungufu. Injini ya turbo ikikosa mafuta kwenye presha ya juu inaungua, na haikupi muda wa kujiuliza. Ongeza na hili: filta nyingi za wazi zinakaa ndani ya boneti bila kizuizi, zinavuta hewa ya moto ya injini, na zile za kupakwa oili zikizidishiwa huchafua sensa. Boksi la filta la kiwandani pamoja na filta mpya safi ndani yake halikubani mpaka ufike nguvu ambazo bado hujazifikiria. Liache.

Valvu ya kupumulia nje naikataa kwa sababu hiyo hiyo ya hesabu. Hewa inayotupwa nje ilishapimwa na mafuta yake yalishaandaliwa. Ukiachia pedali kubadilisha gia, hewa inaondoka na mafuta yanabaki: moshi mweusi, gari linashtuka, wakati mwingine linazima ukifika kwenye taa. Ya kiwandani inairudisha hewa ndani kabla ya turbo, na kwa presha uliyonayo inatosha kabisa. Unachonunua hapo ni sauti.

Ekzosi ndiyo yenye faida ya kweli, na ndiyo hatari kuliko zote ikifungwa peke yake. Kwenye turbo, bomba la kwanza linalopokea moshi ndilo linalobana zaidi. Ukiweka pana, turbo inaamka mapema na gari linabadilika tabia, hilo sikatai. Lakini turbo ikipata njia rahisi hivyo, ile njia ndogo ya pembeni inayotakiwa kupunguza presha inaweza kushindwa, na presha inapanda kupita ilivyopangwa, hasa usiku hewa ikiwa ya baridi na nzito. Niliwahi kufungua EJ205 ya rafiki yangu iliyopitia hali hiyo. Alilalamika moshi wa bluu na oili kupungua. Kwenye kipimo cha kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kuibana, silinda tatu zilikuwa zinakaribiana, ya nne iko chini sana. Tulipotoa pistoni, ule ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umevunjika, kipande cha upana wa kucha hakipo, na ringi inacheza. Ukutani mwa silinda kulikuwa na mikwaruzo ya wima ambayo ukipitisha kucha inakwama. Plagi ya silinda hiyo ilikuwa na vidoa vidogo vya aluminiamu kwenye kauri nyeupe. Huo ni mwili wa pistoni uliochomolewa na noki. Ekzosi ilikuwa nzuri, haina kosa. Kompyuta ndiyo haikuguswa.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu, na siuchukulii kama mapendekezo ya hiari.

Pima kompresheni silinda zote nne, injini ikiwa ya moto na pedali imekanyagwa chini yote. Namba zikitofautiana zaidi ya asilimia 10 hivi, simamisha mipango yote ya nguvu. Kisha mkanda wa taimingi: Subaru wanautaka ubadilishwe kilomita 100,000, na kwenye EJ hii ukikatika valvu zinapinda. Gari la kutoka ng'ambo ukikosa stika au karatasi ya huduma inayoonyesha lini ulibadilishwa, chukulia haujawahi kubadilishwa. Badilisha pamoja na puli zake, kikaza mkanda na pampu ya maji, kwa sababu puli chakavu huua mkanda mpya. Oili uiangalie kila unapojaza mafuta, sio kila mwezi. EJ ikiishiwa oili kwenye kona kali, beringi za krenki ndizo zinazolipa.

Baada ya hapo funga geji ya presha ya turbo na geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, ile ya sensa ya masafa mapana, sio ya sensa ya kiwandani. Kwenye mwendo wa kawaida utaona karibu 14.7, yaani kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ukikanyaga kwa presha kamili inatakiwa ishuke kuelekea 11. Ukiona 12.5 au 13 inapanda huku turbo imejaa, achia pedali papo hapo.

Hapo sasa nunua ekzosi, na siku hiyo hiyo gari liende kwa fundi anayeandika upya ramani ya kompyuta, yaani zile hesabu zake za mafuta, plagi na presha, likiwa na mafuta yale yale utakayoyatumia kila siku. Muulize anasoma nini anapofanya kazi. Akikuonyesha kumbukumbu za noki, muda wa plagi, presha na asilimia ya kazi ya nozeli, kaa naye. Akikwambia ana faili lililotayarishwa tayari la gari kama lako, ondoka. Pampu ya mafuta na plagi nunua kwa muuzaji anayeweza kuthibitisha chanzo, maana hivyo viwili vinaghushiwa sana na kasoro yake inajitokeza pale pale presha inapokuwa juu. Kwa plagi za NGK, kumbuka namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, yaani inayotoa joto haraka, na hiyo ndiyo injini iliyoongezwa nguvu huitaka.

Springi fupi juu ya shokapu za miaka ishirini sitakushauri. Shokapu inakaa karibu na mwisho wake, kila shimo inagonga, na tairi linapoteza mguso na barabara mahali unapolihitaji. Shokapu mpya, bushi mpya za mikono, kisha pimisha alaimenti kwa urefu ule ule wa kiwandani: utashangaa gari ulilokuwa nalo muda wote. Breki nazo, toa mafuta ya zamani yote. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa kuchemka si chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yanavuta unyevu na yakishanyonya kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 155, na mafuta yakichemka pedali inazama hadi sakafuni. Pedi nzuri na mafuta mapya kwanza, kalipa kubwa baadaye, kama utazihitaji kabisa.

Ukitafuta rimu, WRX yako ni nati 5 kwa 100 (nati tano kwenye duara la milimita 100), tundu la katikati milimita 56.1, nati za 12 x 1.25 (kipenyo milimita 12, hatua ya uzi 1.25). STI, zile Impreza kali zaidi, kuanzia modeli ya 2005 zilihamia 5 kwa 114.3, kwa hiyo rimu zake hazitakaa hata kama zote ni Subaru. Nati za Toyota na Honda ni 12 x 1.5, zinaanza kuingia kisha zinaharibu uzi, usilazimishe.

Kwa aliyeuliza chini yako kuhusu Toyota Altezza isiyo na turbo: kwako filta na ekzosi vitabadilisha mlio na nguvu kidogo sana. Weka pesa kwenye tairi, breki na shokapu.

Ukishapima kompresheni, mkuu, weka hapa namba zote nne na picha za plagi zikiwa zimepangwa kwa mpangilio wa silinda, pamoja na oktani ya mafuta unayotumia. Tukishaviona hivyo ndipo tuzungumze ekzosi ya inchi ngapi.