Reale ya Shamu: usianze kwa kusoma mwaka

Mgeni katika ukusanyaji wa sarafu za fedha huja na swali lilelile: "Nimepata reale ya 1780, itafika bei gani?" Nami humuuliza ina uzito gani, na ukingo wake ukoje. Mwaka siuulizi, maana zote zimeandikwa 1780. Ndio mwaka aliofariki Maria Theresa, mtawala wa Austria ambaye sura yake imo kwenye sarafu hii. Wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi walikuwa wameshaizoea sura yake, hawakutaka nyingine, basi zikaendelea kupigwa chapa kwa tarehe ileile: Vienna, baadaye Roma, London, Paris, hata Bombay, mpaka ndani ya karne ya 20. Uliyonayo huenda babu yako kaizidi umri.

Wazee wetu wa pwani waliiita reale ya Shamu, wasiichanganye na reale ya mzinga, ile ya Kihispania ambayo nguzo zake mbili watu waliziona mizinga.

Anza na mizani ya sonara. Reale nzima ina gramu 28 na ushei. Ikipungua gramu mbili, mrudishie mwenyewe na umuage vizuri. Kisha izungushe polepole ukiangalia ukingo: utakuta maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yameinuka, na nakshi katikati yake. Za bandia zilizomiminwa kwenye kalibu huharibikia hapo. Herufi hulegea, au mshono huonekana. Sumaku nayo ibebe, ingawa inakamata matapeli wavivu tu.

Reale ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya 1299 Hijria, yaani 1882, iache kwanza. Ni adimu, na anayekuuzia kwa bei ya kutupa anajua anachofanya.

Haya nimeyalipia. Reale yangu ya kwanza niliinunua duka moja Mji Mkongwe, nikaitazama uso tu, uso ukanipendeza. Nyumbani nikaisugua kwa majivu na limau mpaka ikang'aa kama sahani ya harusi. Nilipompelekea sonara mmoja mzee, alipitisha ukucha ukingoni, akasimama. "Mwanangu, hii ilikuwa kidani. Kikuku cha kupitishia mkufu kimeng'olewa, pakajazwa risasi. Na rangi yake ya miaka umeiosha mwenyewe."

Ninayo bado. Wageni huwapa waipapase ukingo wakiwa wamefumba macho, na kila kidole husimama palepale.