Kubadilisha sensa (vipimio) za visima vya gesi vya baharini: mzamiaji au roboti?

Mdogo wangu, umeuliza kama uzamiaji wako wa hapo Shela utakupa kazi ya kubadilisha sensa za presha kwa visima vya gesi. Mi naona ukasomee umeme na haidroliki, maana kule hashuki mtu. Kisima cha Mbawa cha 2012 huku kwetu Kenya kina cha maji kilipita mita 800, wazamiaji hata wale wa kuishi siku nyingi kwenye chemba ya presha mwisho wao ni kama 300 hivi. Inashuka ROV, yaani roboti ya chini ya maji, rubani yuko melini na joistiki zake, valvu inafungwa kwanza ndo mkono wa roboti uchomoe sensa, halafu plagi ya sensa mpya inachomekwa humohumo majini, sasa mchanga ukibaki kwa pini imekula kwenu, lazima irushiwe maji isafike.