Maswali yenu: vidagaa vya chini ya mwamba

Vidagaa ninavyosema hapa ni samaki wadogo wadogo wanaokaa chini, mwambani, mchangani na topeni, si dagaa wa kukaanga.

*Maji yamekupwa, napita mikokoni, naona kitu chenye macho utosini kinarukaruka topeni. Ni chura?* (Msomaji, Rufiji)

Ni samaki huyo, mapezi na magamba anayo. Chura wa kwetu na maji ya chumvi hawapatani. Huyu hubeba maji kwenye matamvua, tena hupumua kwa ngozi na kwa utando wa kinywa. Ndiyo maana hachoki kugaagaa topeni. Ngozi ikikauka, amekwisha.

*Nikizamia huona samaki wa urefu wa kidole amekaa mlangoni pa shimo, na kamba anatoa mchanga. Nani mwenye nyumba?* (Msomaji, Watamu)

Mjenzi ni kamba. Huchimba na kukarabati kutwa kwa sababu mchanga haukomi kuporomoka, ila macho yake ni hafifu. Samaki macho anayo, kuchimba hajui. Basi wamekaa nyumba moja. Kamba akitoka na mzigo wake, kipapasio kimoja hukigusisha mwilini mwa samaki. Adui akipita, samaki hutikisa mkia kidogo tu, kamba anarudi ndani. Hatari ikisogea zaidi, samaki naye anatumbukia, kichwa mbele. Ukitaka kuwatazama, elea kimya dakika kadhaa na kivuli chako kisiwaangukie. Mimi mara ya kwanza nilipigapiga miguu, nikaambulia wingu la mchanga na shimo tupu.

*Samaki hawa wadogo hawaliwi. Wana faida gani?* (Msomaji, Kilwa)

Wewe huwali, lakini samaki unaowala wewe wanawala. Utafiti uliotoka mwaka 2019 katika jarida la Science ulikadiria kuwa karibu asilimia 60 ya nyama ya samaki inayoliwa kwenye miamba ya matumbawe hutokana na vidagaa hivi vya chini. Huliwa upesi, huzaliana upesi. Ipo aina moja huko Australia ambayo maisha yake yote hayazidi siku 59. Sasa mtu akikokota juya chini au akipiga baruti, anavunja vichaka vya matumbawe wanamojificha, halafu mwakani analalamika bahari imekauka.

*Naweza kumfuga kidagaa kama huyo kwenye ndoo?* (Msomaji, Tanga)

Usimtese. Maji ya ndoo hupata joto na kuishiwa hewa upesi. Mtazame dimbwini, na ukigeuza jiwe lirudishe lilivyokuwa: wengi wao hubandika mayai upande wa chini, na mara nyingi dume ndiye anayeyalinda.